Pua, Maembe na Kiberiti

Darasa letu la juu limekuwa na ubishi muhula mzima. Ubishi huo umetoka darasani ukaingia bwenini, na toka bwenini umefika hata uwanja wa mpira, kwa hiyo nimeona yafaa niulete hapa gazetini, ili na wengine wapate kusema yao. Ni ubishi juu ya kitabu cha Gaël Faye kiitwacho Petit Pays, yaani Nchi Ndogo, kilichotolewa Ufaransa mwaka 2016. Wengi wenu mmekwisha kukisoma. Kwetu nakala ni chache. Ile niliyosoma mimi imevikwa gazeti la zamani ili jalada lisichakae, na imepita mikononi mwa watu wengi mpaka pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa.

Mtungaji alizaliwa hapa hapa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda, akaondoka kwenda Ufaransa mwaka 1995 kwa sababu ya vita. Mtoto anayesimulia kitabuni, Gabriel, ambaye wote humwita Gaby, ana asili kama hiyo, ingawa hadithi si habari za maisha ya mtungaji neno kwa neno. Mwaka ule ule wa 2016 kitabu kilipata zawadi ya Goncourt ya wanafunzi, ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wapatao 2000 wa shule za sekondari za Ufaransa. Nalitaja jambo hili kwa kusudi. Waliokichagua ni vijana wa rika letu, waliokaa wakasoma vitabu vyote vilivyoshindana. Basi asije mtu akatuambia kwamba kusema juu ya vitabu ni kazi ya maprofesa peke yao.

Hadithi kwa ufupi ni hii. Gaby ana umri wa miaka kumi. Anakaa Kinanira, katika njia fupi isiyotokea upande wa pili, pamoja na baba, mama na dada yake mdogo Ana. Rafiki zake ni watoto wa njia hiyo: Gino, Armand, na mapacha wawili. Asubuhi huenda shule, jioni hukutana. Wana kombi bovu la Volkswagen lililotupwa katika kiwanja kitupu, na hilo ndilo jumba lao. Humo huvuta sigara za wizi, hucheka, hupanga safari. Kisha wazazi wa Gaby wanaachana. Kisha vinakuja uchaguzi wa Juni 1993, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba mwaka huo, na mauaji ya Rwanda ya 1994. Na katika njia ile fupi urafiki unaanza kuoza polepole kama embe linaloozea ndani huku ganda lingali zuri.

Sasa ubishi wetu. Kundi moja lasema Gaby aliwasaliti rafiki zake, maana wakati wenzake wanajiandaa kulinda njia yao, yeye alijificha na vitabu. Kundi la pili lasema rafiki zake ndio waliomsaliti yeye. Na kundi la tatu, ambalo ndilo kubwa, lasema haya yote hayana faida kwa mtihani; tuandike tu orodha ya tamathali za usemi, tashbihi ngapi, istiara ngapi, kinaya kipo ukurasa gani, tupate alama zetu tukalale.

Mimi nasema kundi la tatu ndilo lililokosa zaidi. Vile vijitabu vya maswali na majibu tunavyoazimana usiku wa kuamkia mtihani vyatufundisha kwamba tamathali ni mapambo ya maneno, kama vile maua juu ya meza: ukiyaondoa, chakula hubaki kile kile. Kwa kitabu hiki nakataa kabisa. Ukiondoa mifano ya Faye, hubaki huna hadithi, maana mtoto hapewi ruhusa ya kusema mambo yenyewe kwa majina yake. Baba yake amemkataza kujiingiza katika siasa. Mama yake hasemi. Wapishi na madereva hunong'ona. Mtoto huyu amebaki na vitu tu: pua, embe, kombi, baiskeli, redio, kiberiti. Kwa vitu hivyo anasema lile asiloweza kulisema. Atakaye kujua nani alimsaliti nani, na avifuate vitu hivyo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tuanze na pua, kwa sababu kitabu nacho kinaanza nazo. Kabla hata ya sura ya kwanza Gaby anamwuliza baba yake kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Je, ni kwa sababu ya ardhi? Hapana. Ni kwa sababu ya lugha? Hapana, lugha ni moja. Mungu? Ni mmoja. Basi ni kwa nini? Na baba, kwa kuchoka au kwa mzaha, anajibu kwamba hawana pua za namna moja. Mazungumzo yanaishia hapo. Ni jambo la kuchekesha, na kila niliyemsomea ukurasa ule alicheka. Lakini tazama linavyoendelea. Watoto wanaanza kutazamana pua njiani. Shuleni inaonyeshwa filamu ya Cyrano de Bergerac, yule Mfaransa wa mchezo wa Edmond Rostand wa mwaka 1897, mwenye pua kubwa kupita kiasi, na mtoto mmoja anasema kwa sauti kwamba huyu ni Mtutsi, itazameni pua yake. Dunia nzima humtazama Cyrano ikaona mtu mwenye mapenzi na aibu. Katika chumba kile cha shule ya Bujumbura ameonekana kabila.

Sisi wenyewe katika Kiswahili tuna desturi ya kutaja kiungo kimoja badala ya mtu mzima. Twasema fulani ni mdomo mtupu, fulani ana mkono mrefu, na hakuna anayeumia sana. Faye ameichukua desturi hiyo hiyo akatuonyesha makali yake. Ukizoea kumwita mtu kwa pua yake, siku moja hutamwona tena mtu. Utaona pua iliyosimama mbele ya kizuizi cha barabarani. Hili mtungaji halisemi popote. Anaacha mzaha wa baba ukae pale mwanzoni, na kila tunapokutana tena na habari ya sura na maumbile ya watu tunakumbuka kwamba tulicheka.

Wala Faye si wa kwanza kuitumia pua hivi. Miaka minne kabla yake, mwaka 2012, Scholastique Mukasonga, ambaye alikimbia Rwanda mwaka 1973 akaja kwetu Burundi kabla ya kuhamia Ufaransa, alitoa kitabu kiitwacho Notre-Dame du Nil, nacho kikapata zawadi ya Renaudot. Hicho ni kitabu cha shule hasa. Wasichana wanasoma katika shule ya bweni ya masista juu ya milima, karibu na chemchemi ya mto Nile, ambapo Watutsi huingizwa kwa hesabu ya sehemu moja katika kumi tu. Karibu na chemchemi ipo sanamu ya Bikira Maria mweusi. Gloriosa, binti wa mkubwa serikalini, anaona pua ya sanamu ile ni ya Kitutsi, akaamua kwenda na mwenzake Modesta kuivunja na kuibadili. Wakarudi wamechafuka matope, wakatunga uongo kwamba wameshambuliwa na watu, na uongo ule ukazaa mateso ya kweli. Nilipokisoma baada ya kile cha Faye nilishtuka: vitabu viwili, watungaji wawili, pua ile ile. Lakini katika cha Mukasonga kuna jambo lililonifariji kidogo. Immaculée, msichana Mhutu, ndiye anayesaidia kumwokoa Virginia, mwenzake wa darasa. Alimwona Virginia kama Virginia.

Jambo la redio nalo nalipenda sana, na hapa ndipo penye kinaya ambacho vijitabu vyetu hukitafuta mahali pasipo chenyewe. Asubuhi moja ya Oktoba 1993 redio ya taifa inapiga muziki wa Ulaya wa zamani, wa vinanda na vyombo vingi, bila maneno. Mtoto wa Ulaya angesema ni asubuhi nzuri. Watu wazima wa Bujumbura, kwa namna mtungaji anavyosimulia, wanasimama wima: muziki wa namna hiyo ulipigwa kila serikali ilipopinduliwa, mwaka 1966, mwaka 1976, mwaka 1987. Muziki mtamu ndio habari ya msiba. Hapana mtu aliyesema neno, na kila mtu amesikia. Gaby anapewa habari ya kifo cha rais kwa njia ambayo mtoto hupewa habari zote katika nchi hii: kwa kutazama nyuso za wakubwa wakati ambapo hawasemi kitu.

Tena msomaji wa hapa anasoma kwa namna ambayo msomaji wa Paris hawezi. Gaby anapotuambia furaha ya sikukuu yake ya kuzaliwa, alipotimiza miaka 11, na mamba aliyeuawa kwa ajili ya karamu, yeye hajui kitakachokuja. Sisi tunajua. Twaona tarehe zinakaribia, tukataka kumpigia kelele. Mtungaji anaongeza jambo moja tu: ardhi inatetemeka kidogo chini ya miguu ya wageni, kama itetemekavyo mara nyingi katika bonde hili la ufa, nao wanaendelea kucheza. Kisha anawafananisha watu wa nchi hizi na ardhi yao, juu kimya na chini moto. Tashbihi hiyo ni nzuri, lakini kwa maoni yangu ingekuwa nzuri zaidi kama asingalifafanua. Tetemeko lingetosha.

Sasa maembe. Watoto hawa ni wezi wa maembe, tena wezi hodari; wanayachuma bustanini mwa mama mmoja mzee wa Kigiriki, Bi Economopoulos, kisha wanathubutu kumwuzia maembe yake mwenyewe. Mimi nimecheka sana hapo, maana nadhani hakuna mvulana wa shule hii asiyejua ladha ya embe la wizi. Wakiwa kombini, vidole vinanata, juisi inatiririka mpaka kwenye viwiko, hawana baba Mbelgiji wala mama Mnyarwanda wala baba Mrundi. Wote ni wa embe moja. Hii ndiyo picha ya urafiki katika kitabu, na mtungaji hakuandika mahali popote kwamba walipendana.

Sasa angalia vitu hivi hivi vinavyorudi. Kombi ni lile lile, kiwanja ni kile kile, lakini mazungumzo yamegeuka. Gino, ambaye alikuwa fundi wa vichekesho, sasa anataka ulinzi, anataka silaha, anataka kila mmoja aseme yuko upande gani. Francis, kijana mkubwa aliyewapiga na ambaye alikuwa adui wa kundi zima, anakaribishwa ndani kwa kuwa ana nguvu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba urafiki wao ulikwisha vunjika, kabla ya risasi hata moja kufika katika njia yao. Adui alipopewa nafasi ya kukaa katika kombi, rafiki mmoja alikuwa amekwisha kutolewa, ingawa bado kiti chake kipo.

Watu wa kundi la kwanza darasani watasema: basi mbona Gaby hakupigania nafasi yake? Alikwenda zake kwa Bi Economopoulos kuazima vitabu. Ni kweli alikwenda. Yule mama ana kabati zilizojaa vitabu, na Gaby anavisoma kimoja baada ya kimoja, na kila akitoka kwake njia yao inaonekana pana zaidi. Kwa Kifaransa neno la njia isiyotokea ni neno lile lile la mtu aliyekwama asijue la kufanya, na mtungaji analichezea neno hilo kitabu kizima. Sijui mfasiri wa Kiswahili atafanyaje, kwa sababu kwetu kichochoro ni kichochoro na kukwama ni kukwama. Kwa Gino, njia ile ni ngome ya kulindwa. Kwa Gaby imekuwa shimo, na kitabu ni ngazi.

Lakini wale wa kundi la pili, wanaomfanya Gaby kuwa shujaa kwa sababu alisoma, nao wasishangilie upesi. Baba yake Armand anauawa. Vijana wa mjini, wale walioitwa Sans Échec, wanamkamata mtu mmoja wanayesema ndiye muuaji, wanamtia ndani ya gari na kulimwagia petroli. Innocent, ambaye alikuwa dereva wa baba yake Gaby, yupo pale. Gino yupo pale. Armand, mwana wa marehemu, yupo pale. Na kiberiti kinatiwa mkononi mwa Gaby, aonyeshe kwamba ni mwenzao. Anakitupa.

Ndugu zangu, katika ukurasa ule hamna tashbihi za kupamba. Mtoto aliyesoma kabati zima la vitabu alifanya lile ambalo wenzake walitaka. Mtungaji angeweza kumwokoa, angeweza kuleta mzee akapita njiani, au askari, au mvua. Hadithi nyingi tunazosomeshwa huokoka kwa mvua ya namna hiyo. Hakumwokoa. Kwa hiyo mimi nasema kwamba swali la nani msaliti limejibiwa na kile kiberiti. Urafiki wao ulikuwa umegeuka, na gharama ya kubaki ndani yake ilikuwa mtu kuteketea. Yeye aliyelipa gharama ile aliwasaliti wapi? Na waliomlipisha, nao walikuwa watoto wa miaka 12 au 13 wenye baba waliouawa na mama waliopotea. Gino mwenyewe kwa muda mrefu alisimulia habari za mama yake kama kwamba yu hai na yuko karibu kurudi, mpaka Gaby akatambua ukweli. Nikifika hapo nashindwa kumpiga Gino jiwe.

Wale waliosoma Kiingereza wanaweza kukilinganisha na kitabu cha John Knowles, A Separate Peace, kilichotoka mwaka 1959 na ambacho wanafunzi wa Marekani husomeshwa sana. Huko nako kuna shule ya bweni, rafiki wawili, Gene na Finny, na mti kando ya mto. Ni wakati wa vita vikuu vya pili, lakini vita viko mbali, ng'ambo ya bahari. Wavulana wanaruka majini kutoka tawini, na siku moja Gene anatikisa tawi, Finny anaanguka na kuvunjika mguu. Gene atatumia kitabu kizima kujiuliza kama alikusudia. Yaani Knowles anasema vita vina mbegu yake moyoni mwa mvulana, katika wivu wa mwanafunzi kwa mwenzake aliye hodari kuliko yeye. Ni kweli, nami nimeuona wivu huo katika mabweni. Lakini Gene alikuwa na nafasi ya kujiuliza. Tawi lilikuwa tawi, na mkono ulikuwa wake. Gaby hakuwa na nafasi hiyo. Watu wazima wenye silaha walisimama nyuma yake. Mtu anayefundisha vitabu hivi viwili kwa maneno yale yale, «kupotea kwa utoto», anapita juu ya tofauti kubwa. Mti wa Knowles unauliza juu ya moyo wa mtu mmoja. Maembe ya Faye yanauliza juu ya njia nzima, na nyumba zilizopo, na waliokuwa wakisikiliza redio ndani.

Baada ya kiberiti, Gaby hasimulii tena kama alivyokuwa akisimulia. Tangu mwanzo ana desturi ya kuandika barua kwa Laure, msichana wa Orléans ambaye hajamwona. Barua za kwanza ni za kitoto, zimejaa majivuno na makosa. Katika moja ya zile za mwishoni, theluji inaanguka juu ya Bujumbura. Theluji! Juu ya mji huu ambapo mwezi wa Septemba hatuwezi kulala kwa joto, na shuka twazilowesha maji. Rafiki yangu mmoja alisema mtungaji hapa amezidisha. Mimi naona ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Mtoto ameona moto, na hawezi kuuandika. Anachagua kitu kilicho kinyume cha moto, kitu kinachofunika kila kitu kwa weupe na kunyamazisha sauti, akakimwaga juu ya mji. Mwalimu akiniuliza hiyo ni tamathali gani, nitamjibu ataje jina alipendalo, maadamu asiiite pambo.

Kuna mambo nisiyoyapenda, na si haki kuyaficha. Ana, yule dada mdogo, anapewa mateso makubwa, maana mama yao aliporudi kutoka Kigali amevurugika akili alikuwa akimwamsha usiku na kumsimulia aliyoyaona huko. Lakini Ana mwenyewe hasemi karibu neno. Laure naye ni jina juu ya bahasha tu. Tena hawa ni watoto wa Kinanira, wenye mpishi, dereva na ua. Sisi tuliotoka Buyenzi, Kamenge au vijijini tunajiona katika kitabu kwa mbali, tukiwa tumesimama pale mlangoni na Prothé mpishi. Hili limewachukiza baadhi ya wenzangu hata wakakitupa.

Nawajibu kwa habari ya baiskeli. Baiskeli nzuri ya Gaby inaibwa na kuuzwa, mara moja na mara ya pili, mpaka inapatikana mbali huko mashambani kwa familia maskini iliyojinyima ili kumnunulia mtoto wao. Innocent anainyakua. Donatien, msimamizi wa kazi wa baba yake, mtu wa Zaire na mcha Mungu, anasihi iachwe, na Gaby anarudi mjini na mali yake akiona aibu. Hapo mtungaji ametupa nafasi yetu. Mtoto yule wa shamba hana jina wala maneno, lakini kwa mara ya kwanza Gaby ametazamwa na mtu kutoka nje ya njia yao, naye hakuyapenda macho yale. Kama ni orodha ya vitu, baiskeli hii mimi naiweka juu ya kombi.

Neno moja juu ya jina la kitabu, kisha nimalize. Kwa Kirundi tukisema agahugu, udogo ule waweza kuwa wa mapenzi au wa dharau, ni sauti ya msemaji tu ndiyo huamua. Kwa Kiswahili ukisema kinchi, umetukana. Nimeandika «Nchi Ndogo» hapo juu kwa kukosa neno jingine, wala sikuridhika nalo. Mwenye neno bora na alete.

Na kwenu wanafunzi wa zamani nina ombi. Darasani petu hakuna aliyekuwa amezaliwa mwaka 1993. Sisi huo ni mwaka wa vitabuni na wa minong'ono ya wazazi. Baadhi yenu mlikuwa mjini, wengine mlikuwa katika mabweni haya haya. Kitabu kinasema redio ilipiga muziki asubuhi ile ya tarehe 21 Oktoba. Tuandikieni kupitia kwa Mhariri: mlisikia nini, nani alikuwa nanyi chumbani, na alikaa upande gani wa kitanda chenu. Hata mistari mitano itatosha. Asiyetaka jina lake litajwe halitatajwa.